Sindano Moja, Kompyuta Zote

Gari jeupe lilikuwa limeshashika lami ya Kakuma. Jelagat alisimama katikati ya stendi ya Lodwar, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akilipungia mpaka likawa kama punje ya mchele ndani ya joto.

Mumewe alikuwa humo, kiti cha mbele, amepakata kasha la barafu la kubebea chanjo. Aligeuka. Alimwona. Naye akapunga mkono, kwa tabasamu la mtu anayeagwa na mke mwenye mapenzi.

"Sikuagi, wewe mwanamume! Nakuzuia!"

Wapi! Gari likaenda.

Msomaji uliyekosa gazeti la wiki jana, shika haya upesi maana hakuna muda. Cornelius, mume wa Jelagat na baba wa binti yao Cherop, ni afisa mifugo mstaafu. Amechanja mbuzi, ng'ombe na ngamia wa Turkana tangu ana nywele kichwani, na watu wanamwita Daktari. Alipostaafu alinunua kompyuta ya nyumbani. Siku moja kompyuta ikamletea tangazo jekundu lenye king'ora: mashine yako imejaa virusi, pakua dawa hapa, bure.

Mtu mwingine angelifunga. Cornelius alivaa koti lake jeupe, akabofya.

Hilo halikumtosha. Dawa ile aliitia kwenye flashi, na flashi akaanza kuzunguka nayo nyumba kwa nyumba, akichanja kompyuta za marafiki. Kila aliyoichanja aliifunga hereni ya manjano, zile za masikio ya ng'ombe, ili ijulikane imeshapata.

Asubuhi ya leo Jelagat alikwenda studio ya Ejore kupiga picha ya kitambulisho, akamkuta Ejore amejishika kichwa. Picha zake zote za harusi na za mazishi zimegeuka vijishale vidogo visivyofunguka. Pembeni mwa skrini inaning'inia hereni ya manjano. Jelagat akakumbuka kompyuta ya mwalimu Kipchumba kule Lorugum, iliyougua juzijuzi, kwa vijishale vilevile. Nayo ilikuwa na hereni.

Akakumbuka pia mumewe amekwenda wapi leo, na kumchanja nani. Ndipo alipotoka mbio kiatu mkononi.

"Ejok, mama," sauti ilimsalimu kwa Kiturkana nyuma yake. "Unafukuza bwana ama mwizi?"

Alikuwa kijana wa bodaboda, jina lake Esekon, mguu mmoja chini, mwingine juu ya pikipiki.

"Bwana."

"Hiyo ni ngumu kushinda mwizi. Mwizi anajua amekosa. Panda."

Jelagat akapanda.

"Mpaka wapi?"

"Kakuma."

Esekon akaizima pikipiki. "Mama, Kakuma si hapo Nawoitorong. Kakuma ni mbali mpaka mgongo utasahau jina yako."

"Kuna mtu anakwenda kuuawa mara ya pili, kijana wangu. Washa."

Esekon hakuuliza tena. Neno kama hilo halihitaji maelezo. Akawasha.

Sasa tuseme huyo wa kuuawa mara ya pili ni nani. Ni mzee Kon, Mdinka wa kutoka Sudan Kusini, aliyeishi Kakuma na kufia Kakuma. Yeye na Cornelius walijuana sokoni kwa mifugo, wakabishana juu ya ng'ombe mpaka wakawa ndugu. Kon hakuacha mali. Aliacha nyimbo. Aliimba juu ya maksai wake mweupe, Mabior, aliyemwacha kando ya mto siku ya kukimbia vita, na aliimba mpaka watu wasiojua Kidinka walikaa kimya.

Katika ukoo wao, kijana akioa, baba yake husimama mbele ya wakwe na kuimba wimbo wa maksai wake. Baba akiwa amekufa, sauti yake ndiyo husimama. Bila sauti hiyo, wakwe hukaa, hunywa maji, hurudi kwao na binti yao.

Bol, mtoto wa Kon, anaoa leo. Wakwe wanakuja alasiri kutoka Kalobeyei. Kaseti ya nyimbo ilichukuliwa na mafuriko ya laga ya Tarach, ule mto wa msimu. Kilichobaki ni nakala moja tu, na iko ndani ya kompyuta ya Alek, dada yake Bol.

Na kompyuta ya Alek ilikuwa imeanza kuwa nzito. Alek alipoona hivyo, alifanya nini? Alimwita Daktari.

Jelagat akiwa juu ya pikipiki alimpigia mumewe. Simu imezimwa. Akampigia Alek. Simu ikapokelewa.

"Alek! Sikiliza, mwanangu. Daktari akifika..."

"Mama Cherop! Salaam! Siwezi kuongea sana, samahani. Daktari ametuma neno. Anasema tuzime simu zote kabla hajafika, zinaambukiza kompyuta."

"Usizime! Alek, usi..."

Ikazimwa.

"Huyo bwana yako," Esekon alipiga kelele ndani ya upepo, "ni daktari wa nini?"

"Wa mbuzi!"

Esekon aligeuza kichwa. "Sasa kompyuta inaumwa na kupe?"

Jelagat angecheka kama si lile gari jeupe, ambalo sasa halikuonekana kabisa.

Walikula lami. Ngamia walivuka kwa mwendo wa wenye nchi, na Esekon akawangoja kwa heshima huku Jelagat akimsukuma mgongoni. Jua lilikuwa juu ya kichwa kama mdai... basi, tuache jua. Kila mtu wa huku analijua.

Mbele kukatokea kizuizi cha polisi.

"Simama hapo!" Afande alinyoosha mkono. Kibao cha kifuani kilisema Cheruiyot. "Mama, kofia yako ya pikipiki iko wapi?"

"Afande, gari jeupe limepita hapa?"

"La Daktari? Limepita sasa hivi. Tumemfungulia njia na saluti juu. Ana chanjo ya dharura, kwenye barafu."

"Hiyo chanjo ndiyo ninayoifukuza! Ni mbaya! Inaua!"

Afande akarudi nyuma hatua, akamtazama kutoka kiatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Ahaa. Kumbe nyinyi ndio wale wa kupinga chanjo. Mama mzima na heshima zako! Unataka mifugo ya watu ife?"

"Si ya mifugo. Ni ya kompyuta."

Afande aligeuka. Aliwatazama wenzake waliokuwa kivulini, kisha akasogea karibu na kushusha sauti.

"Ya kompyuta? Kweli? Mama, hata yangu ya nyumbani inanisumbua. Kila nikiiwasha inanipongeza. Inasema nimeshinda gari."

"Afande, hujashinda gari."

"Nimejaza kila kitu walichouliza. Majina yote. Siku ya kuzaliwa. Namba ya siri ya simu. Gari halijafika."

"Uliwapa namba ya siri?"

"Walikuwa na adabu sana," alisema Afande Cheruiyot. "Waliniita mheshimiwa."

Esekon aliinama akajifanya anakagua tairi. Mabega yalimtikisika.

"Afande," Jelagat alisema, "nenda leo ubadilishe namba hiyo. Na tangazo likikupongeza tena, zima. Sasa niache nipite."

"Nitakuacha." Akachukua kofia iliyoning'inia kwenye pikipiki ya kazi, akamvika kwa mkono wake mwenyewe. "Lakini mwambie Daktari akirudi asinipite. Nataka hiyo chanjo."

Unamwambia mtu chanjo inaua, naye anaweka oda. Jelagat hakuwa na muda wa kulia wala wa kueleza. "Twende," alimwambia Esekon.

Waliingia Kakuma pikipiki ikitoa harufu ya kuungua. Walikata sokoni, wakapita maduka ya Wasomali, wakapita Waethiopia na kahawa yao, wakaingia vichochoro vya nyumba za matofali ya udongo. Huhitaji kuelekezwa nyumba ya harusi. Unafuata moshi.

Nje ya kwa Alek wanawake walikuwa kwenye masufuria. Spéciose, jirani, Mkongomani mwenye saiba yake, duka la intaneti, pale karibu, alikuwa na mwiko mkononi na jasho usoni.

"Mama Cherop! Karibu! Lakini mbona unakuja mbio hivi, uko na shida?"

"Daktari yuko wapi?"

"Iko ndani. Ametufukuza sisi wote. Anasema mgonjwa anataka hewa."

Jelagat aliingia na kofia ya polisi kichwani.

Cornelius alikuwa amevaa koti jeupe. Alikuwa amevaa glavu. Mbele yake palikuwa na meza ndogo, na juu ya meza laptopu ya Alek imefunikwa milaya, shuka zito la kutariziwa maua mekundu, limekunjwa mbele tu ili vidole vifikie. Alek alikuwa amesimama upande huu, Bol upande ule, mikono nyuma, kama watu walio wodini. Kasha la barafu lilikuwa wazi. Ndani yake, katikati ya vipande vya barafu vya plastiki, palikuwa na kifuko, na kifuko kilikuwa kitupu.

"Cornelius! Usiiingize!"

Mumewe aligeuka polepole. Alitazama kofia. Alitazama kiatu mkononi.

"Mama Cherop. Mbele ya watu."

"Toa hiyo flashi."

"Umechelewa," alisema kwa upole, na akainua kidole kuonyesha. Hereni ya manjano ilikuwa imeshafungwa pembeni mwa skrini. "Nimeshachanja. Sasa iko salama."

Bol, ambaye alikuwa na suti ya kuazima na haraka ya kuoa, aliinamia mashine. "Daktari, naweza kujaribu wimbo? Wakwe wako njiani."

"Jaribu, kijana wangu. Utaona ilivyo nyepesi."

Bol akafungua folda ya nyimbo za babake.

Hapakuwa na nyimbo. Palikuwa na kijishale kimoja kidogo.

Akabofya. Kikaongezeka kingine.

"Alek," alisema Bol, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Baba hayuko."

Alek aliinama. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Wanawake waliokuwa nje, ambao walikuwa wamefukuzwa na hawakuenda mbali, walijaa mlangoni.

"Ni homa ya chanjo tu," alisema Cornelius. "Hata ndama akichanjwa hupooza siku moja..."

"Leo ndiyo siku, Daktari!" Bol alifoka. "Wakwe wangu nitawaambia nini? Rudini kesho, baba ana homa?"

"Studio ya Ejore ina homa hiyo hiyo," alisema Jelagat. "Kompyuta ya Kipchumba wa Lorugum ina homa hiyo hiyo. Kila penye hereni yako ya manjano pana vijishale. Baba Cherop, huchanji. Unaambukiza."

"Mimi?" Cornelius alijipiga kifua. "Mimi niliyefunga soko la Lokichar kwa sababu ya mbuzi mmoja aliyekohoa? Mwanamke, unajua unaongea na nani?"

Jelagat aliweka kiatu chini akakivaa. Alitaka kuwa na viatu vyote viwili kwa swali hili.

"Basi niambie, Daktari. Umechanja ng'ombe wa Lodwar. Unatoka hapo unakwenda kwa ng'ombe wa Lorugum. Unakuja kwa wa Kakuma. Unatumia sindano ile ile?"

"Haiwezekani!" Cornelius alilipuka, maana hapo ndipo alipokuwa nyumbani. Kidole kikapanda juu. Kifua kikajaa. Ilikuwa ile hotuba yake, ile aliyowahutubia wafugaji kwenye kila kisima. "Sindano moja kwa kundi zima ni kuua kundi! Hata dawa iwe nzuri namna gani! Maana sindano inaingia kwa mgonjwa inatoka na ugonjwa, inaingia kwa mzima, inamwachia! Na hiyo dawa yenyewe umeitoa wapi? Kwa mchuuzi usiyemjua, amekuja anapiga kelele sokoni eti dawa bure, dawa bure! Mtu mwenye akili hachukui dawa kwa mtu anayepiga kele..."

Kidole kilibaki juu.

Hakuna aliyesaidia. Nje sufuria lilichemka.

Cornelius aliitazama flashi. Aliitazama kwa muda, kama mtu anayemtazama mbwa wake mwenyewe ana damu ya kondoo mdomoni. Kisha akavua glavu, moja, halafu nyingine, akaketi juu ya kasha la barafu.

"Lodwar yote," alisema.

"Na Lorugum," alisema Jelagat.

"Kipchumba nilimwambia jana afute kila kitu. Nilimwambia ugonjwa ukizidi, chinja, choma, anza upya."

Akasimama ghafla. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Jelagat aliujua uso huo. Ndio uso wa mumewe anapotaka kurekebisha kosa kwa kosa kubwa zaidi.

"Ndiyo dawa pekee. Ikiachwa itaambukiza kambi nzima. Tuifute yote sasa hivi."

Na kabla mtu hajapumua, alikuwa ameinama juu ya laptopu. Alikuwa mwepesi, yule mzee. Mashine ikauliza: una uhakika unataka kufuta kila kitu? Kidole cha Cornelius kikashuka kuelekea ndiyo.

Mwiko ukatua juu ya mkono wake. Paa!

"Tosha mukono hapo, papa!" Spéciose alipiga kelele. Uji ulimtiririka Daktari mpaka kwenye kiwiko. "Tosha! Musifute kitu! Mimi nilifuta ya kwangu hivi hivi, mwaka juzi. Picha za mtoto wangu zote. Nilifuta kwa mikono yangu, kumbe zilikuwa humo humo."

"Humo wapi?" Alek aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Humo! Hii mududu haili vitu. Inavificha. Inakuwekea mushale juu, ukibonyeza mushale unaisaidia kuzaa."

"Anasema kweli?" Bol alimgeukia Jelagat, kana kwamba kofia ya polisi ilimpa mamlaka.

Jelagat hakujua. Lakini alikuwa ameendesha nyumba na duka, na alijua ghala tupu na ghala lililojaa. Alisogea akasoma pembeni mwa skrini.

"Alek, nyimbo zilikuwa nyingi?"

"Zilijaza mashine, Mama. Ndiyo nilidhani ni nzito kwa sababu hiyo."

"Hapa panasema bado imejaa. Kama Kon ametoka, nani amejaza nyumba?"

Spéciose alimpa mtu mwiko, akajifuta mikono kwenye kitenge, akakaa. Kwanza aliichomoa flashi, akaitupa kwenye kasha bila kuiangalia, kama mtu anayetupa mjusi. Kisha akaingia mahali ambapo mashine huulizwa ionyeshe vilivyofichwa, akatia alama moja.

Zikatokea. Folda zote, zimepauka, kama nguo iliyoanikwa siku nyingi. Ya tatu iliandikwa KON.

Alek alikaa sakafuni.

"Usibonyeze mushale," Spéciose aliendelea kumwambia Bol, ambaye mikono ilikuwa ikimwasha. "Hapana! Keti juu ya mikono. Nitaleta dawa ya kweli kutoka saiba, ile ninaifanyia apdeti kila wiki, tunasafisha kwanza. Moja, si tatu. Mutu mwingine hapa kambini aliweka tatu, zikapigana zenyewe kwa zenyewe, virusi akakaa pembeni anaangalia."

Walisafisha. Mashine ilitafuta, ikakamata, ikatafuta. Mstari wa kijani ulitambaa kama konokono mwenye pesa. Ulikuwa umefika karibu na mwisho vigelegele viliposikika barabarani.

Wakwe.

Waliingia uani wazee kwa fimbo na kina mama kwa shanga, na Yar, bibi harusi, katikati yao, macho chini, ila alikuwa akichungulia. Waliketi. Walipewa maji. Mzee wao alikunywa kidogo, akaweka kikombe, akasema neno moja la Kidinka. Jelagat hakuhitaji kutafsiriwa.

Alek alitoka na laptopu, milaya na yote, kama anayebeba mtoto kwenda kubatizwa. Bol akachomeka spika. Folda iliyopauka ikafunguka. Alek akabofya.

Sauti ya Kon ikatoka, pumzi moja, mstari mmoja, na mzee wa wakwe akafumba macho.

Halafu skrini ikawa nyeusi. Kimya.

"Amekufa tena!" mtu alisema nyuma.

Bol alimgeukia Cornelius ngumi ikiwa imekunjwa, na suti ya kuazima ikapasuka kwapani. Lakini Cornelius alikuwa amepiga magoti. Alikuwa ameweka kiganja kwenye tumbo la mashine, kama alivyoweka kwenye tumbo la ng'ombe maisha yake yote.

"Ina joto," alisema. "Hii si virusi. Hii ni joto tu. Alek, hili shuka hulitoi lini?"

"Silitoi kamwe. Milaya ni ya vumbi isiingie."

"Vumbi halijaingia. Na hewa pia. Umemvika ng'ombe blanketi Kakuma, binti yangu." Aliivuta milaya. Tundu la pembeni la kupumulia lilikuwa limezibwa na nyuzi nyekundu za maua. "Nileteeni feni! Na kasha langu!"

Walipanga vipande vya barafu mbele ya feni, na upepo baridi ukapiga mashine ubavuni. Ilikuwa mara ya kwanza kasha lile kufanya kazi ya maana tangu mwenye kasha astaafu. Cornelius alinyofoa nyuzi kwa kibano, moja moja, ulimi nje. Wakwe walitazama. Mzee wao alimuuliza Bol kwa Kiswahili: "Huyu nani?"

Bol alisita. "Ni rafiki ya baba. Daktari."

"Wa nini?"

"Wa ng'ombe."

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba ndivyo inavyopaswa.

Mashine ikawaka.

Kon aliimba. Aliimba Mabior alivyokuwa mweupe kupita maziwa, pembe moja mbele na moja nyuma, alivyosimama kando ya mto akiangalia watu wake wakikimbia, akakataa kukimbia. Kina mama wa pande zote mbili walianza kuitikia. Yar aliinua macho. Alek aliimba na babake, machozi yakishuka, hakuyafuta.

Wimbo ukafika mwisho. Lakini kaseti haikuwa imezimwa siku ile ya kurekodi. Ikaendelea kukwaruza. Akasikika ng'ombe. Akasikika Kon akikohoa. Na nyuma yake, mbali kidogo, sauti ya kijana yenye hasira, ikikaribia:

"...nani alikufundisha? Sindano moja kwa kundi zima ni kuua kundi! Mzee Kon, waambie watu wako! Nitasema mara ngapi?"

Na sauti ya Kon, karibu kabisa na mdomo wa mashine, ikicheka:

"Cornelius, nyamaza basi. Narekodi."

Ua mzima ulimgeukia mzee aliyevaa koti jeupe lenye uji mkononi. Naye Cornelius alinyamaza. Ilikuwa amri ya rafiki yake, na safari hii aliitii.

Mambo yaliishia hivi.

Bol na Yar walioana siku hiyo hiyo. Suti ilirudishwa kwa mwenyewe na kwapa limeshonwa.

Alek alinakili nyimbo mahali patatu: kwa Spéciose, kwa ndugu yao Awan aliye Juba, na kwenye flashi mpya isiyoingia mashine ya mtu mwingine. Milaya iko kitandani.

Picha za Ejore zilipatikana zote, maana alikuwa analia tu, hakuwa amefuta.

Kipchumba wa Lorugum alikuwa amefuta, kama alivyoambiwa. Picha za marehemu mamake hazikurudi. Cornelius alikwenda kwake kuomba radhi, akapewa chai, hakupewa neno. Hawajasalimiana tangu hapo.

Spéciose bado ana saiba. Mlangoni amepachika mwiko.

Esekon alibadilisha pete za injini. Hampakii tena Jelagat kabla ya kumuuliza kwanza ni wapi.

Jelagat alirudisha kofia.

Cornelius alizunguka Lodwar akikata hereni zake za manjano kwa mkasi, nyumba kwa nyumba, akiomba msamaha. Alirudi na zote isipokuwa moja.

Flashi yenyewe aliiacha ndani ya kasha la barafu, pamoja na hereni ya kompyuta ya Alek, akikusudia kuichoma akifika nyumbani. Njiani kasha lilikaguliwa kizuizini. Lilipofunguliwa Lodwar, flashi haikuwemo, wala hereni.

Afande Cheruiyot anasema kompyuta yake imeacha kumpongeza. Amealika majirani waje nao wachanjwe.